Yangeyange wa Garsen: Tazama Mdomo, Kisha Miguu

Kiangazi kikikolea, maji ya Delta ya Tana hupungua na samaki hubanana kwenye madimbwi. Ndege weupe nao hujazana kandokando ya Garsen, na abiria wa basi la Lamu huwaita wote yangeyange. Hajakosea, lakini humo mna aina nne.

Usianze na ukubwa. Ndege akisimama peke yake kwenye mbuga tupu, huna cha kumpimia. Nenda asubuhi mapema, jua likiwa mgongoni mwako, kabla joto halijaanza kutetemesha hewa juu ya nyasi. Baada ya hapo hata darubini nzuri haifai kitu.

Mdomo mweusi, miguu myeusi, vidole vya njano: huyo ni yangeyange mdogo. Vidole vikifichwa na maji, subiri. Ana mazoea ya kukoroga tope kwa mguu ili kuwafurusha samaki, kwa hiyo hukawii kuviona.

Wa mdomo wa njano ndio wanaotaka subira. Yangeyange wa ng'ombe ni rahisi: ni mfupi, shingo nene, na huandamana na mifugo ya Waorma akidaka panzi wanaokurupuka kwatoni. Majira ya kutaga, manyoya ya utosini, kifuani na mgongoni hugeuka rangi ya chungwa iliyofifia.

Shida hasa ni kumtenga yangeyange mkubwa na yule wa kati, na hapa mimi huamini alama moja kuliko zote: mstari wa kinywa. Ufuate kutoka mdomoni kuelekea jichoni. Kwa mkubwa, hupita chini ya jicho na kuishia nyuma yake. Kwa wa kati, hukomea chini ya jicho. Shingo ya mkubwa ina kona kali, utadhani ilivunjika ikaungwa. Ya mwenzake hujipinda taratibu.

Jihadhari na jambo moja. Majira ya kuzaliana, mdomo wa yangeyange mkubwa huwa mweusi, na mgeni humdhania kuwa yule mdogo. Shuka miguuni: ya mkubwa ni myeusi mpaka vidoleni.

Mweupe akiruka huku amenyoosha shingo, si yangeyange. Pengine ni domomwiko. Yangeyange huruka amekunja shingo.

Madimbwi haya yana mamba na viboko, basi simama juu ya ukingo, na umuulize mchungaji au mkulima wa Kipokomo wapi pa kupita kabla hujakanyaga matete. Mafuriko yakirudi, ndege hawa hujenga viota kwa makundi mitini. Hapo kaa mbali kabisa: wazazi wakishtuka na kuruka, mayai na makinda hubaki wazi kwa jua na kwa ndege wawindaji.