Somo: Adabu za Dansi ya Tango

Tango ni dansi ya watu wawili. Ilianza Argentina na Uruguay, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mjini Buenos Aires wengi hujifunza kwa vikundi. Kabla ya kwenda, mtu huoga, hupiga mswaki, na huvaa viatu vinavyoteleza kidogo, ili ageuke bila kuumia goti.

Ukumbini wote huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Usimpite aliye mbele yako, utamgonga mwenzio.

Kumvuta mtu mkono ni kukosa adabu. Kwa desturi, mwanamume humtazama mwanamke kwa mbali. Mwanamke akikubali, huitikia kwa kichwa. Hataki? Hutazama pembeni, basi, yamekwisha. Hakuna aliyelazimishwa, wala aliyeaibishwa mbele za watu.

Swali: Je, kwenye dansi kwenu, mwanamke anaweza kukataa bila ugomvi? Zungumzeni.