Hesabu ya Chama Imekataa? Jaribu 9 Kwanza

Tuseme chama cha wakulima wa ndizi pale Nkubu, Kaunti ya Meru, kimefika siku ya kugawana. Daftari la mauzo linaonyesha Sh166,320. Lakini karatasi ambayo mweka hazina alinakili salio la simu inasema Sh163,620. Sh2,700 hazionekani, na watu wameanza kunong'onezana.

Kabla hujamwita mtu mwizi, fanya hesabu hii ndogo.

Hatua ya 1: Gawa tofauti kwa 9

Jumlisha tarakimu za tofauti: 2+7+0+0 = 9. Jumla ikigawanyika kwa 9, basi namba yenyewe pia inagawanyika. Hapa tunapata 2,700 ÷ 9 = 300.

Ukibadilisha nafasi za tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti lazima igawanyike kwa 9. Chukua 63 na 36: tofauti ni 27, yaani 9 mara 3. Tarakimu ikihama kutoka mamoja kwenda makumi, thamani yake inakuwa mara kumi, kwa hivyo inaongeza mara 9 ya ile ya kwanza. Ile nyingine inapunguza vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Tafuta mahali

Jibu letu ni 300. Hiyo 3 inatuambia tutafute tarakimu mbili zinazopishana kwa 3, na ile mia inatuonyesha kwenye mamia na maelfu. Angalia 163,620: 3 na 6 zimegeuzwa! Fungua stetimenti yenyewe na uthibitishe. Kama inasema 166,320, pesa iko yote.

Sifuri ikisahaulika mwishoni (16,632), tofauti pia hugawanyika kwa 9. Lakini ikiwa tofauti ni Sh2,750, 9 inakataa. Hapo shida si kugeuza tarakimu mbili. Tafuta malipo ambayo hayakuandikwa. Na kumbuka, 9 ikikubali si ushahidi kamili. Inakuonyesha tu pa kuanzia.

Sasa tugawane

Bahati nzuri, 166,320 ni namba ya ajabu. Inagawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 12, na kwa jumla ina vigawo 160. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi hivyo. Mwanahesabu wa India, Srinivasa Ramanujan, alichapisha utafiti kuhusu namba za aina hii mwaka wa 1915. Kwa wanachama 22, kila mmoja anapata Sh7,560 kamili.

Lakini toa shilingi moja tu. 166,319 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wale wale 22 watapata Sh7,559 kila mtu, na Sh21 zibaki mezani.

Kwa hivyo ondoeni ada za kutuma kabla ya kugawa, si baadaye, na mkubaliane mapema baki litaenda wapi. Andikeni kwenye daftari.

Mkutano ujao, usisome salio kutoka kwa karatasi. Soma kwenye stetimenti, mwanachama mwingine akikuangalia. Pesa hurudi, lakini jina likishaharibika, kulirudisha ni kazi.