Maajabu Yana Saa Zake: Vidokezo 6 vya Kuyawahi

Wengi hudhani kuona maajabu ya dunia lazima ukate tiketi ya ndege. Kumbe kubwa ni kuyawahi. Ua lina saa yake ya kuchanua, bahari ina siku zake za kupwa, nyota zina majira yake. Ukiujua wakati, mengi utayakuta karibu na kwako, tena bure.

1. Uvizie mbuyu magharibi. Mvua za vuli zinapokaribia, mibuyu mingi ya pwani huanza kuchanua. Chagua tumba lililonenepa, linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu, ukae chini yake jua likizama. Utaona petali nyeupe zikijikunja kurudi nyuma, na kishada cha nyuzi nyingi zenye chavua kikijitokeza katikati. Usitarajie harufu ya asumini: hii ni kali kidogo, nayo huwaita popo waje kunywa nekta na kubeba chavua. Kesho yake ua limeshanyauka, kwa hiyo usiahirishe.

2. Fuata bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Unguja tofauti yake hupita mita 3. Siku hizo maji hutoka mbali mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Vaa viatu vigumu, muulize mvuvi njia, nenda hadi kwenye madimbwi ya mwambani. Kisha tulia, usitikisike. Jiwe litajisogeza, kumbe pweza. Gamba la konokono litatoa miguu, kumbe ndani mna kaa. Ukiinua jiwe, lirudishe lilivyokuwa, maana chini yake kuna wenyewe. Maji yakianza kurudi, nawe rudi.

3. Chungulia samaki wanaposhushwa. Mwaka 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la East London, Afrika Kusini, alikwenda bandarini kutazama samaki waliovuliwa, akamwona mmoja asiyemjua. Alikuwa silikanti, ambaye wanasayansi waliamini jamii yake ilitoweka tangu enzi za dinosaria. Tanga nako wavuvi wamemnasa, na kwa ajili yake ikatengwa hifadhi ya bahari mwaka 2009. Basi ukifika mnadani alfajiri, usiulize bei tu. Uliza na jina la kila usiyemjua.

4. Panda Kitulo wakati wa mvua. Watalii wengi hungoja kiangazi. Wewe nenda kati ya Desemba na Aprili, uwanda huo wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania unapojaa maua. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na okidi peke yake zina aina zaidi ya 40. Beba koti zito na ukubali matope.

5. Mei, tazama pande mbili za anga. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati: mnamo saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini uko upande huu, na nyota saba za Dubu Mkubwa upande ule. Mshtarii akiwa angani, azima darubini ya mkononi: vinukta vinne kando yake ni miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kesho yake vitakuwa vimehama. Na ukipita Malindi, tazama baharini. Kutoka jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani. Ikapewa jina Uhuru.

6. Weka daftari la misimu. Andika tarehe, saa, mahali na ulichokiona: mwarobaini umechanua, ndege fulani wamerudi, bahari imewaka usiku. Mwaka ukizunguka utakuwa na kalenda ya mtaa wako, ambayo huwezi kuinunua dukani. Mwachie mtoto ukurasa wake naye ajaze, kisha mwakani yeye ndiye awaongoze.