Damu Isiyo ya Kawaida ya Uzazi na Tiba ya Moksa

Katika tiba ya jadi ya Kichina, kutokwa na damu ya uzazi kusiko kwa kawaida huitwa benglou: beng ni damu inayofurika ghafla, lou ni ile inayovuja kidogo kidogo bila kukoma. Waganga wa tiba hiyo hutumia moksa, yaani majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yaliyotwangwa hadi yakawa laini kama pamba, ambayo huwashwa moto karibu na ngozi. Mahali panapochaguliwa mara nyingi huwashangaza wengi: ni pembeni mwa ukucha wa kidole gumba cha mguu, upande wa ndani, panapoitwa Yinbai. Mwaka 2010 UNESCO iliiorodhesha tiba hii, pamoja na ile ya sindano, miongoni mwa turathi za utamaduni za binadamu. Heshima hiyo ni ya utamaduni. Si uthibitisho kwamba damu itakoma, na tafiti zilizopo hazijatosha kuthibitisha hilo.

Kwa familia zilizozoea dawa za chango, tiba ya joto si jambo geni, na huenda mgonjwa akapata faraja. Hatari kubwa ni kuchelewa. Damu hiyo ina chanzo: huenda ni fibroidi, ambazo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika, tena mapema, huenda ni tezi ya shingo, damu isiyoganda vizuri, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, au saratani. Moshi wa majani hauonyeshi ni kipi kati ya hivyo. Katika nyumba za Kiislamu damu ya nje ya siku za hedhi hujulikana kama istihadha, na hukumu zake za sala na saumu hufahamika. Kuzijua hakuondoi haja ya kupimwa.

Mwanamke anayelazimika kubadilisha pedi kila baada ya saa 1 au 2, ambaye hedhi yake huzidi siku 7, au anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, amwone daktari. Aliyekwisha kukoma hedhi kwa miezi 12 aende hata akiona tone moja. Mjamzito mwenye damu na maumivu makali ya tumbo, au yeyote anayezirai, apigiwe simu 999 mara moja.

Anayetumia moksa amweleze daktari bila kuona haya. Mwenye kisukari na ganzi miguuni asiitumie, kwani anaweza kuungua asijue; mwenye pumu aepuke moshi wake.

Hapa Uingereza mkalimani hutolewa bila malipo, na mgonjwa anaweza kuomba awe mwanamke. Mtoto asifanywe mkalimani wa mamaye katika mambo haya.