Tunaanza kwa kasi, nani atamaliza?

Nyuma ya msikiti ninaoswali, hapa Dar es Salaam, kuna boma. Wageni wanaokuja Ijumaa huuliza ni jengo gani lile, na kwa miaka mingi wenyeji walikuwa wakijibu kwa mkato: "Ilikuwa iwe shule." Ndani yake uliota mpapai, ukakua mpaka ukazaa, watoto wa madrasa wakawa wanachuma mapapai mahali palipokusudiwa kuwa maabara. Mimi nalijua boma lile kuliko wengi, kwani nilikuwa katibu wa kamati iliyolianzisha.

Makala hii sikuiandika ili kumlaumu mtu. Nataka kumweleza ndugu msomaji jambo nililojifunza kuhusu uongozi na malengo makubwa, ambalo sikulipata katika semina wala warsha. Nililipata barabarani, nikiwa nimevaa raba, nikihema.

Tulivyoanza

Mwaka 2015 tuliitisha harambee. Siku ile watu walijaa mpaka nje, na ahadi zikamiminika: huyu mifuko 50 ya saruji, yule mchanga, mwingine nondo. Mchoro tuliouonyesha ulikuwa wa madarasa 8, maabara, maktaba na ofisi ya walimu. Sisi viongozi tukasimama mbele ya waumini tukaahidi kwamba baada ya miaka 2 watoto wao watakuwa wamekaa kwenye madawati. Takbira zikapigwa.

Miezi 3 ya mwanzo hatukulala. Vikao vilikuwa kila siku baada ya swala ya Isha, na vingine vilivuka saa 5 usiku. Msingi wa madarasa yote 8 tuliuchimba kwa mpigo mmoja. Vijana walibeba tofali kila Jumapili. Mweka hazina wetu, mwenye duka la vyakula, alikuwa akifunga duka alasiri ili azunguke kufuatilia ahadi. Tulimsifu kwa hilo, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza duka linaendaje.

Mwezi wa 6 vijana wa Jumapili walikuwa wamebaki 4. Mwezi wa 10 vikao vikawa havitimizi akidi. Kuta zilipofika kwenye lenta fedha zikakatika, na sisi tuliotakiwa kujenga tukaanza kutafutana makosa. Mweka hazina akasemwa maneno ambayo mimi, niliyekuwa nikishika vitabu pamoja naye, nilijua si ya kweli. Nilichelewa kumtetea. Akahamia msikiti mwingine.

Nikajituliza kwa jibu jepesi, kwamba Waislamu wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Nililirudia jibu hilo kwa miaka, barazani na vikaoni. Leo nakiri kwamba nilikuwa nawasingizia watu.

Mlima wa Mweka

Mwaka 2018 daktari aliniambia sukari imepanda na akanitaka nifanye mazoezi. Nikaanza kutembea baada ya swala ya Alfajiri, kisha kukimbia kidogo kidogo. Mtaani kwetu kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akikimbia tangu ujana wake. Asubuhi moja nilimpita kwa mbwembwe. Baada ya dakika chache akanikuta nimeshika magoti kando ya barabara. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, ukikimbia uwe unaweza kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, ujue umekwenda kasi kuliko pumzi yako."

Nilimsikia, ila sikumwelewa. Mwaka 2022 nikaenda Moshi kushiriki mbio za Kilimanjaro, zile za kilomita 21. Njia yake hupanda kuelekea Mweka, halafu hushuka kurudi mjini. Bunduki ilipolia nikaondoka na vijana. Watu walikuwa wanashangilia, ngoma zinalia, miguu ni myepesi, nikajiona mimi ndiye. Mlimani miguu ikawa kama imefungwa mawe. Kina mama wenye umri wa kunizidi wakanipita, tena wakizungumza. Nilimaliza kwa kutembea.

Katika kule kutembea ndipo boma lilinijia machoni. Nikajisemea: hivi ndivyo tulivyoijenga shule.

Somo la kwanza: kasi ya mwanzo hudanganya

Wataalamu wa michezo wanatueleza kwamba mwili huweka sukari ya akiba katika misuli na katika ini. Katika mbio za marathoni, ambazo ni kilomita 42 na mita 195, wakimbiaji wengi hukaribia kuimaliza akiba hiyo wafikapo kilomita ya 30 hivi. Anayeanza kwa kasi kupita uwezo wake huila mapema. Na hatari yake ni kwamba wakati anaila hajisikii vibaya hata kidogo, bali anajisikia shujaa. Deni hulijua baadaye.

Jamaa zangu, harambee nayo ndivyo ilivyo. Ile shangwe ya siku ya kwanza ni akiba, na kiongozi akiichukulia kuwa ndiyo hali ya kudumu, atapanga kazi ya miaka 10 kwa pumzi ya wiki 2. Wala tusiende mbali kutafuta mfano. Tazama misikiti yetu Ramadhani. Kumi la kwanza safu zinafika barabarani, kumi la kati mtu unatanua mkeka upendavyo, na usiku wa 27 watu wanarudi tena. Wote tunaujua mwanzo na wote tunautamani mwisho. Kinachotushinda ni katikati, na kazi kubwa yoyote sehemu yake ndefu ni hiyo katikati isiyo na takbira.

Somo la pili: mwendo wa kiongozi ni wa walio nyuma yake

Mwezi Oktoba mwaka 2019, mjini Vienna, Austria, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wengi tunakumbuka jina moja. Lakini siku ile walikuwapo wakimbiaji 41 wa kumwekea kasi, wakipokezana kwa makundi ili kumkinga na upepo na kuhakikisha mwendo haupandi wala haushuki. Kwa sababu ya mpangilio huo muda wake haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Tukumbuke pia kwamba alikuwa amejaribu mwaka 2017 kule Monza, Italia, akakosa kwa sekunde 26 tu.

Mimi hapo nalitazama lile neno kupokezana. Wale 41 walikuwa wanariadha wakubwa, na hata hivyo hakuna aliyetakiwa kubeba kasi ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Sisi kamati yetu ilikuwa na watu 5, na hao hao 5 walikuwa wa vikao, wa michango, wa mafundi, wa kila kitu. Tulipochoka hapakuwa na wa kutupokea, maana hatukumwandaa mtu. Na tulipomwona mweka hazina anafunga duka lake, badala ya kumpunguzia mzigo tulimpigia makofi. Kiongozi anayeona fahari watu wake wanapojichosha, huyo hajui kuongoza. Asubiri tu, siku moja atageuka nyuma akute hakuna mtu.

Somo la tatu: usimhukumu mtu kwa mbio moja

Hapa nyumbani tunaye Alphonce Simbu. Mwaka 2016 katika Olimpiki ya Rio alishika nafasi ya 5. Mwaka 2017 kule London akapata medali ya shaba katika mashindano ya dunia. Baada ya hapo ikapita miaka 8 bila medali nyingine ya dunia wala ya Olimpiki. Alishiriki Olimpiki mbili zaidi, akarudi mikono mitupu. Waliokuwa na haraka walishamaliza kumzungumza. Septemba mwaka 2025, mjini Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros walifika kwenye utepe wote wakiwa na saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha ndiyo iamue, na ikaonekana Simbu ametangulia kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha.

Je, sisi katika taasisi zetu tungemvumilia kijana wa namna hiyo kwa miaka 8? Sidhani. Shule ikifanya vibaya mwaka mmoja tunadai mwalimu mkuu aondoke. Mradi ukikwama miezi 6 tunaunda kamati mpya, na ile mpya huanza kwa kuchana mipango yote ya iliyotangulia.

Somo la nne: maumivu na jeraha ni vitu viwili

Kuna kisa ambacho kila Mtanzania anapaswa kukijua. Mwaka 1968 katika Olimpiki ya Mexico, mwanariadha wetu John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni akaumia vibaya goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwishafika zaidi ya saa nzima kabla yake. Jua limezama, watu wengi wameondoka, ndipo Akhwari akaingia uwanjani na bandeji mguuni, akichechemea. Akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu kiasi kile kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Hata hivyo, katika mbio hizo hizo alikuwamo Abebe Bikila, bingwa wa mwaka 1960 na 1964. Yeye alikuwa na mguu mgonjwa, na aliacha kabla hata ya nusu ya safari. Hakuna mwenye akili anayemwita mwoga. Kwa hiyo somo si kwamba mtu asiache kamwe. Kuna maumivu ya kazi, ambayo huvumiliwa, na kuna jeraha, ambalo ukilikanyagia litakulemaza. Kiongozi anatakiwa ajue tofauti. Uchovu wa vikao ni maumivu. Mtu kupoteza biashara yake, au jina lake, kwa ajili ya mradi wenu, hilo ni jeraha. Hapo simameni kwanza mtibu.

Tulikofika

Mwaka 2023 nilirudi Moshi. Safari hii nilianza polepole mpaka nikaona aibu, vijana wote wakanipita. Mlimani nilikuwa nazungumza na jirani yangu, na nilimaliza nikikimbia.

Mwaka huo huo nilimfuata yule mweka hazina nyumbani kwake. Nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Alinisamehe, akanikaribisha chai, lakini aliniambia wazi kwamba kwenye kamati harudi. Sikuwa na la kumjibu. Kuna watu ukiwavunja wanasamehe, ila hawarudi, na hasara hiyo ni yetu.

Kisha tukaitisha mkutano, safari hii bila harambee. Tukakubaliana kumaliza madarasa 2 tu kati ya 8. Kila nyumba itakayoweza itoe shilingi 1,000 kwa wiki, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila Ijumaa. Kikao kiwe kimoja kwa mwezi, kisizidi saa moja na nusu. Mjumbe akae mwaka mmoja kisha apumzike, na kabla ya kupumzika awe amemfundisha atakayempokea. Wapo waliocheka. Walisema kwa mwendo huo tutajenga hadi Kiyama.

Januari 2025 madarasa 2 yalifunguliwa yakiwa na paa, na watoto wa awali wakaingia. Maabara bado ni boma, mpapai bado upo. Sitamdanganya msomaji kwamba tumemaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba Jumapili vijana bado wanakuja, na si wale wale.

Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Tunaisikia hadithi hiyo kwenye kila mawaidha, kisha tunatoka kwenda kupanga mambo kinyume chake.

Basi ndugu yangu unayesoma, ikiwa wewe ni kiongozi wa msikiti, wa shule, wa chama cha akina mama au hata wa familia yako, kabla ya kutangaza jambo kubwa jiulize maswali matatu. Mwendo huu tunaweza kuushika mwaka wa tatu, watakapokuwa hawapo wa kutupigia takbira? Nikichoka mimi, nani amekwisha andaliwa kunipokea? Na yule anayejitolea kuliko wote, nyumbani kwake kukoje? Ukikosa majibu, punguza mwendo. Kufika kumechelewa ni aibu ya siku moja, lakini boma lisiloezekwa hukutazama kila Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.