Dawa za Usingizi na Kula Ukiwa Umelala

Asubuhi sufuria ya githeri ni tupu, makombo ya mkate yamezagaa mezani, na hakuna anayekiri kula. Lawama huwaangukia watoto, au mfanyakazi wa nyumbani. Wengine husema nyumba imeingiliwa na majini. Lakini ikiwa kuna mtu hapo anayetumia dawa za usingizi, huenda aliyekula ni yeye, na hadanganyi anaposema hajui.

Dawa inayohusishwa zaidi na hali hii ni zolpidem, ambayo hutolewa kwa cheti cha daktari. Ubongo huamka nusu: mikono na miguu inafanya kazi, lakini kumbukumbu na uamuzi vimelala. Mtu huenda jikoni, hupika, hula, kisha hurudi kitandani. Mwaka wa 2019, baada ya taarifa za majeraha na vifo vya watu waliotembea, kupika au hata kuendesha gari wakiwa usingizini, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza zolpidem na dawa mbili za jamii yake ziwekewe onyo lake kali zaidi. Ilieleza kuwa jambo hili linaweza kutokea hata baada ya kidonge cha kwanza, na kwa dozi ndogo. Pombe huongeza hatari.

Chakula chenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni jiko la gesi lililoachwa wazi, nyama mbichi inayoliwa kama ilivyo, au mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Kwa mgonjwa wa kisukari, sukari ya asubuhi hupanda na yeye huapa kwamba amefuata masharti yote. Asipoulizwa kuhusu dawa za usingizi, anaweza kuongezewa dawa ya sukari bure.

Anayetumia zolpidem akigundua dalili hizi, asimeze kidonge kingine kabla ya kuzungumza na daktari, na aende siku hiyo hiyo akiwa na pakiti ya dawa. Afuatane na aliyemwona usiku, kwa kuwa mwenyewe hana la kusimulia.

Quetiapine, olanzapine na mirtazapine, zinazotibu maradhi ya akili, pia zimeripotiwa kusababisha hali hii. Hizi hazifai kukatizwa ghafla, maana ugonjwa wenyewe unaweza kurudi kwa nguvu. Daktari ndiye atakayepunguza dozi au kubadilisha dawa.

Kumgawia jirani vidonge vyako vya usingizi si wema, hata akilalamika kwamba hajalala wiki nzima.

Madhara ya dawa huripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na mwananchi wa kawaida pia anaweza kuripoti. Wakati suluhisho linatafutwa, funga mtungi wa gesi kila usiku na ufungie visu na sumu za nyumbani. Ukimkuta jikoni, usimkemee wala kumtikisa. Mshike mkono taratibu umrudishe kitandani.