Mimba ya Pili: Kurudi Pale Pale au Kubadili Mahali pa Kujifungulia?

Mama aliyekwisha kuzaa mara moja huingia katika mimba ya pili akiwa na kitu ambacho mara ya kwanza hakuwa nacho, nacho ni ushahidi. Anajua uchungu wake ulichukua saa ngapi, damu ilimtoka kiasi gani, nani alimhudumia na kwa lugha gani. Hata hivyo swali linalomkabili, yaani arudi kwa mkunga yule yule au aende pengine, mara nyingi hujibiwa kwa mazoea, au kwa kauli ya mama mkwe, au kwa kutazama nauli tu. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kama tatizo la kisayansi: ni ushahidi upi unaofaa kutegemewa, na upi unaodanganya? Walimu wa Biolojia na wa Hisabati watakuta humu mambo kadhaa yafaayo darasani.

Tuanze na mji wa Vienna, huko Austria, katika miaka ya 1840. Hospitali Kuu ya mji huo ilikuwa na kliniki mbili za uzazi zilizopakana. Katika Kliniki ya Kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, na katika ya Pili wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu za siku, hivyo ni siku ya kufika iliyoamua mama aingie mlango gani. Mwaka 1846, kati ya 4,010 waliojifungulia Kliniki ya Kwanza walikufa 459, yaani asilimia 11.4, kati ya 3,754 wa Kliniki ya Pili walikufa 105, yaani asilimia 2.8. Wanawake wa mji walilijua jambo hilo. Walisihi kwa machozi wasiingizwe Kliniki ya Kwanza, na wengine waliona heri kuzalia njiani. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima akina mama, akaamuru mikono ioshwe kwa maji yenye klorini. Mwaka 1848 vifo vya Kliniki ya Kwanza vilishuka hadi asilimia 1.3 hivi, sawa na vile vya Kliniki ya Pili.

Kisa hiki huelezwa sana katika mafunzo ya usafi. Kwa shabaha yetu kina mafunzo mengine. Kwanza, maneno ya akina mama yalikuwa ushahidi sahihi kabla wataalamu hawajaukubali. Pili, na hili ndilo la kuzingatiwa zaidi, ulinganisho ulikuwa wa haki, kwa sababu akina mama wa kliniki mbili hawakutofautiana isipokuwa kwa siku ya kufika. Sasa chukua hospitali ya mkoa na zahanati ya kijiji. Mtu akisema, "Hospitalini wanakufa wengi kuliko zahanati," huenda hesabu yake ni ya kweli, lakini hukumu yake ni ya uongo: hospitali hupelekewa wale ambao zahanati imeshindwa kuwahudumia, na wengine hufika wamekwisha kuishiwa damu.

Tena kuna udanganyifu wa idadi ndogo. Tuseme kuna hatari fulani kubwa inayompata mama 1 kati ya 100, na zahanati huzalisha akina mama 40 kwa mwaka. Uwezekano wa mwaka mzima kupita bila hatari hiyo kutokea ni 0.99 kwa kipeo cha 40, ambao ni takriban 0.67. Maana yake, katika kila miaka mitatu, miwili hivi itapita salama salimini, hata kama zahanati haina dawa wala ujuzi wa kuikabili hatari yenyewe. Uzazi mmoja uliokwenda vema ni ushahidi mdogo zaidi ya huo. Kwa hiyo kauli ya "mbona mara ya kwanza nilizaa salama pale" hutueleza habari za mwili wa mama kuliko inavyoeleza ubora wa mahali. Habari hizo za mwili zina thamani kubwa, nazo tuzitazame.

Uchungu wa pili kwa kawaida ni mfupi, kwa kuwa mlango wa nyumba ya uzazi na misuli ya nyonga vilikwisha kutanuka mara moja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba, tangu mlango ufikie sentimita 5 mpaka ufunguke wote, muda hauzidi kwa kawaida saa 12 katika uzazi wa kwanza na saa 10 katika uzazi unaofuata. Na kipindi cha kusukuma mtoto hakizidi saa 3 na saa 2. Wako wanaomaliza mapema zaidi ya hapo. Matokeo yake ni kinyume cha wanavyodhani wengi: mama wa mimba ya pili hana muda mrefu zaidi wa kusafiri, ana mfupi. Akichagua hospitali iliyo mbali, hana budi kuhamia karibu nayo kabla ya siku kufika, kwa jamaa au katika nyumba ya kusubiria uzazi kama ipo.

Kutoka damu kwa wingi kunahitaji maelezo marefu kidogo. Mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika nyumba ya uzazi kila dakika, na damu yote ya mama ni lita 5 hadi 6. Kondo la nyuma likibanduka, huacha mishipa mingi ikiwa wazi. Kinachoifunga kwanza ni misuli yenyewe: nyuzi zake zimepishana huku na huku, na zinapojikaza huibana mishipa kama fundo la kamba. Misuli ikilegea, mama anaweza kupoteza uhai katika muda mfupi. Aliyetokwa na damu nyingi mara ya kwanza yumo katika hatari kubwa kuliko wengine ya kupatwa tena. Kwa hiyo huyu asiulize tu kama mkunga ni hodari. Aulize kama ipo dawa ya oksitosini, na kama inahifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, maana ikikaa katika joto hupungua nguvu; na kama kuna damu ya kuongezewa, pale au karibu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kuipima damu kwa mfuko wenye alama za vipimo, na kuanza tiba zote kwa pamoja mara tu kiasi kinapozidi, kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Macho peke yake hukosea sana kukadiria damu.

Aliyejifungua kwa upasuaji ana kovu katika nyumba ya uzazi. Kovu la mkato wa kulala, chini, ndilo la kawaida, na wengi wenye kovu hilo moja wakijaribu kuzaa kwa njia ya kawaida hufaulu, kiasi cha 7 kati ya 10. Lakini kwa mama 1 hivi katika kila 200 wanaojaribu, kovu huachia. Likiachia, mama na mtoto huokolewa kwa upasuaji wa haraka tu. Kovu la mkato wa kusimama ni hatari zaidi, wala kovu la ngozi halionyeshi mkato wa ndani ulivyokuwa. Jambo hilo huandikwa katika taarifa ya upasuaji. Kwa mama huyu, hata kama zahanati ya kijijini ndiyo iliyomlea vema wakati wote wa mimba ya kwanza, mahali pa kujifungulia ni penye chumba cha upasuaji. Hapa sioni nafasi ya mjadala.

Kifafa cha mimba, au shinikizo la damu lililopanda mara ya kwanza, laweza kurudi, na kinga yake huanza miezi ya mapema. Basi aseme tangu hudhurio la kwanza. Mama mwenye damu isiyo na kigezo cha Rhesus, jambo lisilo la kawaida sana kwetu, huweza kutengeneza kingamwili baada ya kumzaa mtoto mwenye kigezo hicho, na ni mtoto wa pili anayeshambuliwa. Sindano ya kuzuia hali hiyo yapaswa kutolewa katika saa 72 baada ya kuzaa. Mahali pasipopima kundi la damu hapawezi kulijua hilo.

Je, aliyezaa bila tatizo lolote, naye ahamie hospitali kubwa? Si lazima. Zahanati au kituo cha afya chenye mkunga aliyesomea, dawa, uwezo wa kumsaidia mtoto asiyepumua na gari la kumpeleka mgonjwa mbele, kinamfaa. Hospitali kubwa iliyojaa pomoni inaweza kumwacha bila mtu wa kumtazama. Na upasuaji usio wa lazima huacha kovu litakaloathiri mimba za baadaye, kwani kondo la nyuma linaweza kuota ndani yake.

Imebaki sababu ambayo wengi huiona haya kuitaja: mama alitukanwa, au alipigwa, au aliachwa peke yake. Watafiti Thaddeus na Maine walieleza mwaka 1994 kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Aliyedhalilishwa mara ya kwanza huchelewa kuamua mara ya pili, au huzalia nyumbani. Kwa hiyo lugha ya mkunga imo katika hesabu ya hatari sawa na dawa, na kubadili mahali kwa sababu hiyo si deko. Nchini Tanzania uzazi wa vituoni uliongezeka kutoka asilimia 63 katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 hadi 81 katika ule wa 2022. Wanaokuja wakitendewa vibaya, tusishangae wakitoweka.

Anayekata shauri kubadili na abadili mapema, kabla ya miezi ya mwisho, ili wahudumu wapya wapate muda wa kumjua. Kinachopotea katika kuhama ni kumbukumbu. Kadi ya kliniki ya mimba ya kwanza, kama bado ipo sandukuni, ichukuliwe. Na aliyepasuliwa aombe taarifa ya upasuaji hospitalini alikopasuliwa, au nakala yake. Darasani, mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi mfano huu: mama alipasuliwa miaka mitatu iliyopita, zahanati iko umbali wa dakika 15 kwa miguu, hospitali ya wilaya iko mbali saa 2 kwa basi, na mvua za masika zinaanza mwezi wa tisa wa mimba. Wajadili ahame lini, akae wapi, na nani abaki na mtoto wa kwanza.